Kindi Ndani ya Kochi

Fundi wa makochi hakupenda kazi ya haraka, lakini Jumamosi hiyo hakuwa na ujanja. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa amempigia simu mara mbili.

"Fundi, kochi langu lina miezi miwili kwako. Wageni wanakuja kesho. Niwakalishe sakafuni?"

"Jioni utalipata, mwalimu," fundi alijibu. "Leo hii hii."

Baada ya chai alienda kwenye banda nyuma ya nyumba. Humo aliweka makochi yanayosubiri zamu. Kochi la mwalimu lilikuwa kwenye kona, karibu na mti mkubwa ulioegemea ukuta wa banda. Alilikokota mpaka mbele ya nyumba, penye mwanga mzuri. Alililaza kifudifudi. Kisha alichukua koleo na kuanza kung'oa misumari midogo inayoshika kitambaa cha chini.

Alipofika msumari wa kumi, kitambaa kilitikisika.

Kitu cha rangi ya kahawia kilichomoka. Kilipita katikati ya miguu yake, kikakwea ukuta, kikapotea juu ya paa. Fundi aliachia koleo. Lilimwangukia kwenye kidole cha mguu, akaanza kurukaruka kwa mguu mmoja.

Mkewe alikuwa anaanika nguo. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye kamba.

"Baba Chiriku! Umeanza kucheza na hakuna muziki!"

"Ni kindi, mama. Kumbe kochi la mwalimu lina mpangaji."

Fundi alifunua kitambaa taratibu. Ndani ya mkono wa kochi aliona kiota. Kilikuwa cha mviringo kama mpira. Kilifumwa kwa majani makavu, makumbi ya nazi na vipande vya sponji. Fundi alikitazama kwa jicho la kazi. Kila unyuzi ulikuwa umepita chini ya mwenzake. Hakuna gundi, hakuna msumari, na bado hakikuachia. Yeye mwenyewe alijifunza kujaza kochi kwa miaka mitatu.

Katikati ya kiota palikuwa na mtoto wa kindi. Alikuwa mdogo kuliko kidole gumba. Macho yalikuwa bado hayajafunguka. Manyoya yake yalikuwa mafupi, kama vumbi juu ya ngozi. Alifungua kinywa, akatoa sauti nyembamba sana.

"Jamani, maskini," alisema mke wa fundi. "Mama yake amekimbia. Yatima huyu."

Binti yao alikuwa ameshafika. Alikuwa na miaka kumi, na walimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea akiamka na kunyamaza akilala.

"Baba, tumfuge! Atalala kwenye boksi la viatu vyangu. Nitampa maziwa. Nitamfundisha kuja nikimwita. Baba, anapenda karanga? Ana meno? Baba!"

"Maziwa yapo jikoni," alisema mama. "Napasha kidogo, tumdondoshee kwa pamba."

Fundi aliinua mkono kuwazuia. Alipokuwa na umri wa Chiriku, aliwahi kuokota mtoto wa kindi. Alimweka kwenye mfuko wa shati. Alimpa maziwa ya ng'ombe na uji. Siku ya tatu mfuko ulikuwa umetulia. Aliwaambia watu wote kwamba kindi wake ametoroka. Mpaka leo hakuna aliyejua ukweli.

"Usimguse, Chiriku," alisema. "Kimbia kamwite Daktari wa Ng'ombe."

Daktari wa Ng'ombe alikuwa jirani yao, daktari wa mifugo. Mtaa mzima ulimwita hivyo, ingawa alitibu hata kuku na paka. Alikuja na kanga kiunoni na mfuko wake wa kazi mkononi. Mke wa fundi alitoka jikoni wakati huohuo na kikombe cha maziwa.

"Shikamoo, fundi. Dada yangu, hayo maziwa kunywa mwenyewe."

"Si ya kwangu. Ni ya mgonjwa."

"Ndiyo maana nasema unywe. Maziwa ya ng'ombe yatamharisha. Na mtoto mdogo hivi akidondoshewa kitu mdomoni, kinaingia kwenye mapafu. Watu wengi humuua mtoto wa mnyama kwa huruma. Wanamlisha kwanza, wanauliza baadaye."

Fundi aliinama, akajifanya anatafuta koleo.

Daktari alivaa glavu. Alimpa fundi jozi nyingine.

"Mnyama wa porini hashikwi kwa mkono mtupu, hata akiwa mdogo kama kidole hiki. Kama huna glavu, tumia kitambaa kizito. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kivimbe."

Alimgeuza mtoto kwa upole. "Hana damu. Hana mfupa uliovunjika. Hajaumwa na paka. Anapumua vizuri. Ila ameanza kupoa. Sasa niambieni, nani kasema huyu ni yatima?"

"Mama yake kamkimbia," alisema Chiriku. "Tumemwona!"

"Wewe ukiangushiwa nyumba hukimbii? Mama yake yuko hapa karibu. Anatuona, sisi hatumwoni. Kindi huwa na kiota kingine, wakati mwingine viwili, kwa ajili ya siku kama ya leo. Akipata nafasi, atakuja kumhamisha."

"Na harufu yetu?" aliuliza mke wa fundi. "Nilisikia mama akinusa mtu anamkataa mtoto."

"Maneno ya mtaani hayo. Kindi hamtupi mtoto wake kwa sababu ya harufu ya mtu. Anachoogopa ni sisi wenyewe. Tukisimama hapa kama wageni wa harusi, hatakuja."

"Tufanye nini?" aliuliza fundi.

"Kazi ndogo. Nipatie boksi lisilo na kifuniko na chupa ya plastiki yenye maji ya moto kiasi. Yawe moto ambao mkono wako unavumilia."

Fundi alitoa boksi la misumari, akalikung'uta vizuri. Mkewe alijaza chupa na kuizungushia taulo. Waliweka chupa upande mmoja wa boksi, na kiota upande wa pili. Mtoto akipata joto jingi, angeweza kujisogeza. Hawakumpa chakula wala maji. Kisha fundi alifunga boksi kwa kamba kwenye ule mti mkubwa kando ya banda, usawa wa kifua chake. Ilikuwa hatua mbili kutoka kona ya banda ambapo kochi lilikuwa mwanzo.

"Sasa ondokeni," alisema daktari. "Fungieni paka ndani. Watoto wasiende huko. Na wewe fundi, nyundo isilie."

"Nyundo isilie? Kochi la mwalimu je?"

"Mpigie."

Fundi alipiga simu kwa wasiwasi. Alieleza kila kitu kwa pumzi moja. Mwalimu mkuu aliuliza, "Macho yamefunguka?"

"Bado, mwalimu."

"Basi usipige nyundo. Wageni watakaa kwenye madawati."

Walikaa jikoni, penye dirisha linalotazama nyuma. Ilikuwa saa nne asubuhi. Chiriku aliweka viganja viwili mdomoni ili asiongee. Saa tano ilipita. Saa sita kindi alionekana kwenye ukingo wa paa. Alitikisa mkia na kupiga kelele fupifupi. Pikipiki ilipita barabarani, akatoweka.

"Kaenda," alinong'ona mke wa fundi. Machozi yalimlengalenga.

"Tungoje," alisema daktari. "Asipokuja kabla jua halijazama, tutawapigia maofisa wa wanyamapori. Wao wana chakula chake na ujuzi wa kumlea. Hatukai naye sisi. Kwanza sheria nyingi zinakataza. Pili, kindi akikua ndani ya nyumba hajui kutafuta chakula wala kumkimbia mwewe. Siku ukimfungulia mlango, unampeleka kufa."

Mara moja tu daktari alitoka kubadilisha maji ya chupa. Alienda haraka, akarudi haraka.

Saa nane mchana kindi alirudi.

Aliteremka kwenye mti kichwa chini. Fundi alikodoa macho. Nyayo za nyuma za kindi zilikuwa zimegeuka kabisa, kucha zimening'inia kwenye gome kama kulabu. Aliteremka bila kuteleza, kama mtu anayetembea sakafuni. Alisimama. Alisikiliza. Akaingia ndani ya boksi.

Jikoni wote walisogea dirishani.

Kindi alitoka na mtoto mdomoni. Alimshika kwenye ngozi laini ya tumbo. Mtoto, ambaye hajawahi kuona mwanga wa dunia, alijua la kufanya. Alijikunja, akamzungushia mama yake mikono, miguu na mkia shingoni kama skafu. Mama alikwea. Alifika kwenye tawi la mwisho, tawi jembamba kama kalamu. Aliruka. Kwa kitambo kidogo wote wawili walikuwa hewani, hawashiki chochote. Kisha majani ya mti wa pili yalitikisika, wakapotea.

Chiriku hakusema neno. Mama yake alimtazama, akaona midomo ya binti yake iko wazi na sauti haitoki.

"Mungu wangu," alisema fundi taratibu. "Naishi nyumba moja na kitu kama hiki."

Daktari alianza kukusanya vitu vyake. Fundi alibaki dirishani. Ndipo alipomwona kindi tena. Aliingia kwenye boksi, akatoka mdomo mtupu. Aliingia bandani kwa mlango uliokuwa wazi. Alinusa sakafu mahali kochi lilipokuwa. Akarudi kwenye boksi. Akarudi bandani.

"Daktari, anatafuta nini?"

"Mara nyingi wanarudi kuhakikisha kiota ni kitupu."

"Amehakikisha mara mbili. Huyu anajua hesabu yake." Fundi alishika kichwa. "Kochi sikulimaliza! Nilifungua mkono mmoja tu!"

Alitoka mbio kwa mlango wa mbele, wengine nyuma yake. Hakutumia nyundo wala patasi. Alivaa glavu, akakata kitambaa kwa mkasi, uzi mmoja baada ya mwingine. Aliingiza vidole katikati ya springi za kiti, mahali ambapo kitu kinaweza kuteleza kochi likilazwa kifudifudi. Springi ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Chini ya ya tano aligusa kitu laini.

Mtoto wa pili alikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Hakulia.

"Amekufa," alisema fundi. Sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi. "Nimemuua huyu pia."

"Pia?" aliuliza mkewe.

Hapo fundi alisema habari ya shati na mfuko wake. Alisema kwa maneno machache, hakumtazama mtu. Mkewe alimwekea mkono begani.

"Ulikuwa mtoto, baba. Hukuwa na wa kumuuliza."

"Na huyu hajafa," alisema daktari, ambaye alikuwa ameinamia kiganja cha fundi. "Njoo uone. Kifua kinacheza."

Fundi alitazama. Chini ya ngozi nyembamba, kitu kidogo kuliko punje ya mtama kilikuwa kinapiga.

"Sasa hivi mama yake hawezi kumchukua," daktari alieleza. "Mtoto aliyepoa halii wala hajikunji. Mama anaweza kumwacha akidhani hakuna uhai. Tumpashe joto kwanza. Taratibu, si kwa moto wala jua kali. Chupa, taulo na mikono yako, glavu usivue."

Fundi alikaa chini. Aliweka taulo juu ya chupa, mtoto juu ya taulo, viganja vyake juu ya mtoto. Mikono ile ilikuwa na sugu za miaka ishirini ya kukaza kamba na kuvuta ngozi. Sasa haikuthubutu hata kukaza. Nusu saa ilipita. Kitu kilimtekenya. Mtoto alikuwa ameshika ncha ya kidole chake kwa mikono yote miwili. Kisha alilia.

Walimweka kwenye boksi pamoja na chupa mpya. Saa kumi na moja, jua likiwa limelala juu ya paa, kindi aliteremka kwa njia ileile, kichwa chini. Alimchukua mtoto wake wa pili. Hakurudi tena, maana hesabu ilikuwa imetimia.

Mwalimu mkuu alipata kochi Jumanne. Alipolipokea aliuliza habari za watoto kabla ya kuuliza bei ya kitambaa.

Tangu siku hiyo, fundi alibadilisha namna ya kufanya kazi. Kochi lililokaa bandani halifungui kabla ya kulichungulia lote kwa tochi, mikono, mgongo na chini ya springi. Akikuta kiota chenye watoto, analiacha kochi hapohapo lilipo kwa wiki kadhaa, na mteja anapigiwa simu. Aliwaeleza mafundi wenzake. Mmoja alimcheka. Miezi miwili baadaye fundi huyohuyo alipiga simu, sauti chini kabisa.

"Bwana, nimefungua stuli. Kuna wawili humu. Wananitazama. Nifanye nini?"

"Usiwape kitu," alisema fundi wa makochi. "Weka nyundo chini. Una chupa?"

Wakati akiongea alikuwa amesimama nyuma ya banda. Juu yake, kindi watatu walikuwa wanakimbizana kwenye tawi jembamba. Mkubwa aliruka kwanza. Mdogo mmoja alimfuata. Wa mwisho alisita kwenye ncha, mkia ukitetemeka. Fundi alisahau kuwa ana simu sikioni.

"Haloo?" ilisema simu. "Haloo, fundi?"

Yule mdogo aliruka.