Mzee Twaha Apimwa Moyo Tena

Kwa pilau ya shughuli, Temeke nzima ilimjua mzee Twaha. Sufuria ya harusi aliikoroga peke yake huku anapiga soga. Mkewe, Mwanabaraka, alimpenda hivyo hivyo alivyo: mbishi, mcheshi, nguo zote moshi.

Mwaka huu moyo wake ulichoka. Miguu ilivimba. Akilala chali, pumzi zilimbana. Hospitalini walimpaka jeli baridi kifuani, wakapitisha kifaa kidogo, na moyo wake ukaonekana kwenye skrini. Hicho ni kipimo cha moyo cha ultrasaundi. Akaambiwa moyo umetanuka na hausukumi damu vizuri. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku.

Baada ya wiki chache uvimbe uliisha. Twaha akarudi kwenye masufuria yake.

"Ile mashine kiboko!" aliwaambia majirani. "Wamenipaka dawa baridi, wamenisugua, nimepona!"

Vidonge akavitupa kabatini. Kila asubuhi akawa anajipaka mafuta ya nazi kifuani na kujisugua kwa kijiko. Mwanabaraka alicheka mpaka machozi. Lakini viatu vya mumewe vilipoanza kumbana tena, kicheko kilimwisha. Aliogopa sana. Hakumgombeza, aliita bajaji wakaenda hospitali.

Walipokelewa na Vaileth, daktari wa moyo.

"Shikamoo mzee. Vidonge unameza?"

"Marahaba, mwanangu. Vidonge vya nini tena? Mie nimefuata mashine. Ndiyo iliyoniponya."

Vaileth hakumcheka, na kwa hilo Mwanabaraka alimheshimu papo hapo. Daktari alivuta kiti.

"Mzee, ukitaka kujua nyama imeiva, unafanyaje?"

"Nafunua, natazama."

"Kufunua ndiko kunakoivisha?"

"Hata! Moto ndio unaivisha."

"Basi mashine ni kufunua tu. Moto ni vidonge. Ulipata nafuu kwa sababu ulimeza. Ila nafuu peke yake haituambii moyo umefikia wapi, ndiyo maana tunapima tena. Wewe umezima moto nyama bado mbichi."

Twaha alivua shati, akalala kitandani apimwe. Kipimo kilionyesha moyo bado dhaifu. Akaanzishiwa vidonge upya, akaambiwa apunguze chumvi, na asiache dawa bila kumuuliza daktari.

Safari hii alimeza kweli. Miezi ikapita, wakarudi kupima. Vaileth aliwaonyesha picha ya mwanzo, kisha ya leo. Mwanzo moyo ulijikokota. Sasa ulikuwa umepungua ukubwa, unabana na kuachia kwa nguvu.

"Dawa zinafanya kazi," alisema Vaileth.

Mwanabaraka alitokwa na machozi ya furaha. Miaka yote aliusikia moyo huo akimlalia mumewe kifuani. Leo alikuwa anauona.

"Kumbe ndio wewe," aliuambia.

Twaha alijifuta jeli, akakaa kitako. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kidonge.

"Cha leo bado," alisema. "Naomba maji."