Beseni la Matanga

Kila asubuhi Odile alivuka mto kwa pirogi kutoka Lubunga kwenda kuuza pondu, majani ya muhogo, Kisangani. Meza yake ilikuwa kando ya muuza sabuni na Javel, dawa ya kung'arisha nguo. Jioni mumewe Évariste alileta samaki, na binti yao Falonne alikula huku akiimba.

Siku moja Évariste akaanza kuhara na kutapika. Kabla jua halijatua, alikuwa amekufa. Kilikuwa kipindupindu.

Matangani, Odile alipitisha beseni la maji, kama ilivyo desturi. Wote wakanawa humo humo, kisha wakala kwa mikono ile ile. Nani angethubutu kukataa beseni la mfiwa?

Haukupita muda, nyumba nne za jirani zikawa na wagonjwa. Falonne naye akaugua. Alifikishwa kituo cha matibabu akiwa amechelewa, akafa. Timu ya mazishi ya kituo ikamzika, na Odile hakuruhusiwa hata kumwosha mwanawe.

Micheline, jirani anayefanya kazi ya afya mtaani, akaja kabla ya waombolezaji.

"Mama Falonne, leo usipitishe beseni. Mutu akinawa, anaacha microbe mu maji. Mwingine anaibeba, anaitia mu kinywa."

"Donc ni beseni yangu iliua mutoto wangu?"

Micheline akaketi kando yake. "Inaweza kuwa, mama. Hatukujua. Leo tutie Javel kidogo mu maji, inaua microbe, tumiminie kila mutu na kopo. Chakula, hapana. Na mwenye kuhara aende kituo mara moja."

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele. Kwa Odile yalikuwa ndwele, tena isiyo na dawa.

Gédéon, kaka wa Évariste, alipofika alikasirika. "Beseni iko wapi? Unatuona siye wachafu?"

"Nawa hapa, semeki, ao rudi kwako. Nimeshazika wawili."

Gédéon akanyoosha mikono. Odile akammiminia, kisha akawamiminia wote, hata wanawake waliobeba watoto wao wazima mgongoni.

Wiki zikapita. Mtaani hakuugua mtu mwingine. Micheline akaja mbio. "Mama Falonne, tumeizuia kipindupindu!"

Odile aliwafurahia watoto wa wenzake, na moyo ukamuungua papo hapo.

"Javel ilikuwa pale sokoni, kando ya meza yangu," alisema. "Kila siku nilikuwa naiona."