Ndama wa Mama Wawili

Kila asubuhi kabla ya shule, Redio alikuwa na kazi moja isiyokwepeka: kufagia banda la ng'ombe. Alifagia huku anaongea. Aliongea na ufagio, na ndoo, na ng'ombe wenyewe. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Redio, na hata walimu walishazoea.

Banda lilikuwa la watu wawili. Upande mmoja alifungwa Doa, ng'ombe wa bibi yake. Upande wa pili alifungwa Kipembe, ng'ombe wa Fundi viatu, jirani yao. Siku ya mvua kubwa, ukuta wa mbao uliowatenganisha ulianguka, na siku hiyohiyo ng'ombe wote wawili wakazaa! Watu wazima walikuwa nje wanafukuzana na mabati yaliyong'olewa na upepo. Waliporudi bandani, lo! Ndama mmoja amekufa, mmoja yuko hai, na ng'ombe wote wawili wanamlamba huyohuyo mmoja.

Tangu hapo, vuta nikuvute.

"Huyu ni wa Doa," alisema bibi.

"Mama, nakuheshimu sana, lakini huyu ni wa Kipembe," alijibu Fundi.

Ndama mwenyewe hana habari. Ananyonya huku, anahamia kule, tumbo limemjaa kama ngoma.

Kwa bibi halikuwa jambo dogo. Doa alikuwa amezeeka, asingezaa tena. Ndama huyo jike asipokuwa wao, banda lingebaki tupu, na maziwa yaliyowawezesha kuishi mjini yangekwisha. Redio alimtaka ndama yule mpaka akawa anamwota.

Ugomvi ulifika hadi darasani. Binti wa Fundi, aliyeitwa Mashine kwa mbio zake, alikuwa anakaa dawati moja na Redio. Sasa akahama.

"Ndama wenu? Kwani mlimzaa nyinyi?" Mashine alimtupia.

"Na nyinyi je, mlimshona kama kiatu?" Redio akajibu. Darasa zima likacheka, lakini wao wawili hawakucheka.

Aliyeleta njia ni shangazi yake Redio, mtaalamu wa maabara kwenye chuo cha mifugo. Aliwakusanya wote uani.

"Ndani ya seli za kila kiumbe kuna DNA," alisema. "Ichukulieni kama ujumbe mrefu mno, ulioandikwa kwa herufi nne tu: A, T, C na G. Zinavyopangana ndiyo siri yenyewe. Na ng'ombe ana DNA za aina mbili. Moja iko kwenye kiini cha seli: nusu katoa mama, nusu katoa baba. Nyingine iko kwenye mitokondria, vile vijimtambo vinavyoipa seli nguvu. Hiyo anarithi kwa mama peke yake."

"Baba hatoi kitu?" Fundi aliuliza, kama ameonewa.

"Kwenye mitokondria, hatoi."

"Pole, baba!" Mashine akamwambia, na hata bibi akacheka.

Shangazi alikuwa ameshapima damu za Doa na Kipembe, na mpangilio wa herufi zao za mitokondria haukufanana. Ilibaki kupima mate ya ndama.

"Redio, kazi yako hii," alisema. "Kesho mfunge ndama mbali na ng'ombe mpaka nifike. Asinyonye hata tone! Maziwa yana seli za ng'ombe aliyeyatoa. Akinyonya, tutajikuta tunasoma DNA ya huyo ng'ombe, si ya ndama."

"Usijali, shangazi! Mimi tena!"

Kesho yake Redio alimfunga ndama vizuri kabisa. Lakini nje watoto walikuwa wanaruka kamba, wanahesabu kwa sauti. Akasema nachungulia tu. Kuchungulia kukawa kuruka. Aliporudi, kamba ya ndama ilikuwa imefunguka, na ndama yuko chini ya Doa, mkia unacheza, povu la maziwa limemjaa mdomoni!

Redio alimrukia. Akamvuta, akamfuta mdomo kwa pindo la sketi, akamfunga upya. Mara shangazi huyo, na pamba zake za kuchukulia mate.

"Hajanyonya?"

"Hajanyonya, shangazi."

Majibu yalipokuja, uani palijaa watu. Shangazi alisema mitokondria zimelingana na za Doa. Bibi akapiga vigelegele! Fundi alishusha pumzi, akasema, "Basi. Niliahidi nitakubali, nimekubali." Lakini Mashine alimkumbatia ndama shingoni, akalia bila sauti, mabega yanamtetemeka.

Redio alitakiwa kurukaruka. Hakuweza. Akisema, huenda ndama akaondoka, na bibi akabaki na banda tupu. Asiposema, kila atakapomkamua ndama huyo akishakua, atakumbuka mabega ya Mashine.

"Shangazi, nimekudanganya," alisema. "Ndama alinyonya. Alimnyonya Doa, mimi nikiwa naruka kamba. Nilimfuta mdomo. Labda mmesoma DNA ya Doa mwenyewe."

"We mtoto!" bibi alisema, mkono kichwani. Akamtazama Doa, akamtazama mjukuu wake. Kisha akavuta pumzi ndefu. "Fundi, mfute machozi binti yako. Tunapima upya."

Safari hii shangazi hakugusa mdomo. Alimpa Redio na Mashine kazi kwa pamoja: mmoja ashike ndama, mwingine ang'oe nywele za mkia pamoja na mizizi yake, kwa sababu kwenye mizizi ndiko kuna seli nzima.

"Ng'oa taratibu, si nyasi hizo!" Mashine alifoka.

"Na wewe shika, usimkumbatie kama mto!"

Wakatazamana, wakaangua kicheko.

Siku ya majibu shangazi alikuja anakimbia, mkoba unampiga kiunoni. "Tumepima DNA za aina zote mbili! Mitokondria ni za Doa. DNA ya kiini, nusu ya Doa, nusu ya dume, baba yake. Hakuna kilichochanganyika. Ndama ni wa Doa, hakuna ubishi!"

Weee! Bibi alicheza na ufagio, Redio akaruka mpaka kandambili moja ikatua juu ya bati. Na unajua nani aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote? Fundi!

"Ile ya kwanza nilikubali kwa mdomo tu," alisema. "Moyoni nilikuwa na kinyongo. Leo mama, hongera, nimeridhika."

Bibi akamwambia Mashine kwamba jike wa kwanza atakayezaliwa na ndama huyo atakuwa wa kina Mashine. Mashine akamrukia shingoni nusura wadondoke.

Shangazi alimshika Redio bega. "Ndama alikuwa wenu tangu mwanzo, lakini ulipodanganya, ushahidi wetu uliharibika na majirani wakakosa amani. Uliposema kweli, mbele za watu, ukijua unaweza kumkosa, ndipo ushindi huu ukawa wa haki. Kosa la kazini ukilisema, linarekebishwa. Ukilificha, linaharibu kazi ya kila mtu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

"Haya, kampeleke ndama kwa mama yake. Mwache anyonye mpaka achoke."