Mnyororo wa Meko

Rafiki yangu Radoje wa milimani Montenegro anabeba fahali begani; aliyewahi kumwangusha ni mimi peke yangu. Basi huyo Radoje aliona moshi wa meko ya ukutani unamkohoza mwanawe mchanga, Vuksan, akanunua jiko la chuma la kuni. Meko akayaziba kwa matofali. Mnyororo uliokuwa ukining'iniza chungu cha marehemu mama yake akautupa mtoni.

"Mnyororo wa meko hautolewi nyumbani, Baba Vuksan," mkewe Stanica alimwambia.

"Mama hayupo. Atapikia nani, panya?"

Jioni hiyohiyo theluji ikafunika madirisha yote. Jiko likanguruma kama treni, chuma kikawa chekundu, lakini mwanga wake haukufika hata mezani, na nyumba ikazidi kuganda. Stanica akapapasa birika juu ya jiko, akapiga kelele. Maji yalikuwa barafu.

"Mtoto anapoa! Radoje, fanya kitu!"

Akavunja viti, akachoma mpaka kitanda. Wapi! Vuksan hakuwa tena na nguvu ya kulia. Radoje akamkumbatia, akazunguka gizani akipapasa kuta, akimwita Mungu na marehemu wote wa ukoo, mpaka kiganja kikagusa matofali aliyojenga mwenyewe.

Yalikuwa ya moto kama mkate uliotoka tanurini. Akamwegemeza mtoto pale, na mtoto akaanza kupumua vizuri.

Nyuma ya matofali mnyororo ulikuwa ukilia taratibu, na mwiko ukikwangua chungu.