Uzi Mwekundu wa Milimita

"Wamenisafisha," Milimita alisema, akaiweka barua juu ya meza yangu ya pasi. "Soma mwenyewe."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Barua ilikuwa fupi na yenye adabu. Uongozi wa karakana umechunguza malalamiko, umepima patani zote za kukatia, haukuona kosa lolote kwa mkataji, na anarudishwa kazini kuanzia leo. Nilimkumbatia huku pasi iko mkononi, nusura nimchome mgongo.

Karakana yetu inashona sare. Mpenzi wangu hukata, mimi hupiga pasi, na kati yetu wapo mafundi sita wa cherehani. Jina la Milimita alilipata kwa haki, maana anaweza kukuambia kola yako imepinda hata kabla hujamsalimia. Mwezi uliopita sare kumi na tano za wauguzi zilitoka na mikono mifupi, imepungua vidole viwili kamili, na dada wa cherehani ya tatu akaandikia ofisi kwamba amekatiwa vipande vifupi makusudi ili aonekane hajui kushona. Wawili hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu zamani, kwa hiyo watu waliamini upesi. Milimita akakalishwa nyumbani wiki tatu. Mimi nilimtetea kwa kila mtu, mpaka mlinzi wa getini akanichoka.

"Basi yameisha," nilimwambia.

"Hayajaisha. Sibaki hapa."

Akanionyesha simu. Mama yake mdogo ana karakana mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, na alikuwa ameandika: "Mwanangu, meza yako ya kukatia nimeiweka karibu na dirisha. Nijibu kabla ya saa nane, nimwambie yule mwingine asije."

Nilikaa juu ya kapu la nguo. Miaka miwili nilikuwa napanga kumwomba tuoane, na kila mwezi najiambia mwezi ujao, siri ambayo karakana nzima inaijua.

"Unaondoka kwa sababu ya yule dada?"

"Yule nimemzoea." Alikuwa anaitazama mikono yake. "Wameniambia sikukosea, lakini hakuna anayejua kilichotokea. Nilipima mara mbili, nikakata, na sare zikatoka fupi. Nikishika mkasi sasa natetemeka. Labda macho yangu yameanza kuniacha. Kwa mama mdogo angalau hakuna anayenisubiri nikosee tena."

Nikamfuata chumba cha kukatia kumsaidia kufungasha vitu vyake, huku roho inaniuma. Nilipoinama kuchukua boksi chini ya meza, nikaliona jora la kitambaa cheupe, limebaki kipande. Kwenye ncha yake palikuwa na uzi mwekundu.

Huo uzi ni sheria ya Milimita mwenyewe. Kitambaa kisichotaka joto, kile kinachosinyaa kikiguswa na pasi kali, hukifunga uzi mwekundu kwenye jora ili mimi nikione nikiweke mbali na moto.

"Hili ndilo lililokatwa sare za wauguzi?" nilimuuliza.

"Ndilo. Kwa nini?"

"Basi tu."

Nilitoka nikaenda uani. Siku ile alipokata alikuwa na mafua, akaenda nyumbani mapema. Nikapita, nikakuta vipande vya mikono vimerundikwa mezani vimejaa makunyanzi, nikasema ngoja nimfurahishe mpenzi. Kwa kawaida vipande huenda moja kwa moja kwenye cherehani, lakini nilivibeba na kuvipiga pasi ya moto kimoja kimoja, huku naimba. Uzi ulikuwa umebaki kwenye jora. Mimi jora sikuliona.

Nikampigia dada yangu mkubwa, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemponza," alisema.

"Dada, nikisema ataniacha. Na kazi nitafukuzwa."

"Na usiposema?"

"Ataondoka akiamini macho yake yamekufa."

"Mdogo wangu, wewe unapenda kama unavyopiga pasi, moto mwingi bila kuangalia kitambaa. Nenda kaseme." Akakata simu.

Saa nne ya chai wote walikuwa chumba cha cherehani, na Milimita anapita kuwaaga. Bosi mwenyewe, mama mmoja mpole wa sura na mkali wa kazi, alikuwa mlangoni na kikombe. Niliingia na pasi, kipande kutoka kwenye lile jora, na tepu. Nikampa tepu dada wa cherehani ya tatu.

"Pima," nikamwambia. Akapima, akataja urefu. Nikashusha pasi ya moto, mvuke ukapanda. "Pima tena."

Alipima mara mbili. Mara ya pili sauti yake ilishuka. "Kimepungua vidole viwili."

"Vile vipande nilivipiga pasi mimi," nikasema. "Bila kuulizwa. Nilitaka Milimita akirudi avikute vimenyooka. Yeye alikata sawa, na dada hapa alishona sawa. Mwenye makosa ni mimi."

Milimita alinisogelea. Nilijiandaa kwa kofi, na haki ya kunipiga alikuwa nayo.

"Wiki tatu," alisema polepole. "Wiki tatu nafumba jicho moja moja nasoma kalenda ukutani."

"Nisamehe."

"Kumbe naona?"

"Unaona kuliko sisi wote."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, machozi yanamtoka, na mafundi wakaambukizwa mmoja mmoja. Dada wa cherehani ya tatu ndiye pekee aliyebaki ameinamisha kichwa.

"Ningekuuliza wewe kwanza kabla ya kwenda ofisini," alimwambia Milimita. "Nilikuonea."

"Ungeniuliza ningekutukana," Milimita akajibu, anajifuta. "Lakini tungelijua siku ileile. Siku nyingine njoo tutukanane."

Bosi aliweka kikombe chini. Akaniagiza niandike barua yangu, ibandikwe ukutani kando ya ile ya Milimita, na kuanzia leo kila fungu la vipande lifungwe uzi wake. Kisha akamgeukia Milimita. "Na wewe, unabaki au unakwenda?"

Milimita alikwenda chumba cha kukatia, nikasikia mkasi ukikata mara moja, safi, bila kusita. Akarudi na kipande cha uzi mwekundu, akanishika mkono wa kushoto na kunifunga kidoleni mbele ya watu.

"Huyu asichomwe na mtu mwingine," alisema. "Atachomwa na mimi tu. Au ulikuwa unasubiri mwezi ujao?"

"Mwezi huu," nikasema. "Naomba iwe mwezi huu."

Akatoa simu yake. Ilikuwa saa tano kasoro. Aliandika kwa kidole kimoja, mkono wa pili bado umenishika, na mimi nikachungulia:

"Mama mdogo, shikamoo. Mwambie yule mwingine aje, dirisha ni lake. Mimi nabaki. Wewe panda basi uje na tepu yako, kuna bwana harusi wa kupimwa suti, na pasi asiguse."