Darasa Zima Liliandika Jina Langu

Nina miaka kumi na tisa. Wenzangu walimaliza kidato cha nne mwaka jana, mimi niliishia cha pili. Tangu hapo nimepaka mashua rangi Mbita, nimepakia mchanga, nimeuza viatu vya mitumba Otonglo. Sijawahi kukaa kazi moja miezi sita. Miguu yangu haitulii, na macho yangu ndiyo hayatulii kabisa.

Kwa miaka mingi nimelichukia darasa langu. Sisemi nimelikasirikia... nimelichukia! Someni, kisha mniambie kama nilikosea.

Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kondele, na kwa omena hizo akanipeleka shule ya bweni kando ya ziwa. Shuleni waliniita Profesa, na si kwa sababu ya alama. Ni kwa sababu ya maswali. Nilitaka kujua kila kitu kinavyofanya kazi: kengele, pampu ya maji, saa ya mwalimu.

Rafiki yangu alikuwa Felix. Kitanda chake kiligusana na changu. Nilimwambia mambo ambayo hata mama sikumwambia. Nilikuwa mjinga kiasi gani!

Jumamosi moja mchana nilipita chini ya ua wa shule nikashuka ufuoni. Fundi mmoja alikuwa anafungua injini ya mashua, nami sikuwahi kuona injini ikiwa wazi. Nilikaa pale hadi jioni. Niliporudi, madirisha yote ya jumba la chakula yalikuwa yamevunjwa. Darasa letu lilikuwa limegoma kwa sababu ya maharagwe yenye wadudu.

Mimi sikurusha hata jiwe moja. Aliyejua nilikokuwa ni Felix peke yake.

Kwa kawaida shule yetu ilimaliza kesi kama hizo kwa karatasi. Mnaingizwa ukumbini, kila mmoja anapewa kijikaratasi, anaandika jina la kiongozi wa mgomo bila kuandika lake. Kabla hatujaingia, Felix alipita akitunong'oneza mmoja mmoja. Nilipofikiwa, alinishika bega.

"Karatasi tupu, omera. Sote. Hawawezi kufukuza mtu kwa karatasi tupu."

Omera, ndugu yangu... ndivyo alivyoniita! Nilikunja karatasi yangu ikiwa tupu, nikaitumbukiza kwenye kasha.

Tulikuwa arobaini na wawili. Naibu wa mwalimu mkuu alizifungua mbele yetu. Karatasi arobaini na moja zilikuwa na jina langu! Moja tu ilikuwa tupu.

"Na hii bila shaka ni yako," akaniambia. "Mwenye hatia hana wa kumtaja."

Ningejitetea vipi? Ningesema nilikuwa nje ya shule, kosa ambalo nalo lilikuwa la kufukuzwa? Niliwatazama wenzangu. Wote walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Nilipewa barua, nikaambiwa nirudi na mzazi. Mama aliisoma chumbani kwetu Obunga. Nilimwapia kwamba sikufanya. Aliikunja barua, akaniuliza, "Watu arobaini na mmoja wote waongo, wewe ndiye mkweli?"

Maneno hayo yalinichoma kuliko fimbo. Asubuhi iliyofuata, alipokwenda sokoni, niliondoka. Niliapa sitasimama mbele yake mpaka nipate ushahidi. Nilimtumia salamu kwa watu, niko hai, lakini niliwakataza wasimwambie nilipo. Nikiwa na shughuli Kondele nilipita upande wa pili wa barabara ili asinione. Mnaelewa ni uchungu gani, kumwona mama yako akipima omena na kushindwa kuvuka?

Mwaka jana nilipata kazi kwa Mzee Rashid, ambaye hukodisha spika kwa harusi na mikutano. Siku moja tulipakia vyombo, gari likakata kona niliyoijua. Tulikuwa tunaelekea shule yangu ya zamani! Ilikuwa siku ya maombi ya watahiniwa, ile ambayo wazazi huja kuinua kalamu za wana wao ziombewe. Darasa langu lilikuwa linaaga.

Nilivuta kofia hadi machoni, nikakaa nyuma ya mashine ya sauti.

Felix ndiye aliyechaguliwa kuisoma historia ya darasa. Suti mpya, maiki mkononi. Alikumbuka usiku wa kwanza bwenini, mpira tulioshinda, maharagwe ya wadudu. Watu walicheka. Kisha akasema, "Njiani tulimpoteza Profesa wetu. Alituongoza kuvunja madirisha, halafu akaona afadhali akawasomeshe samaki."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wote arobaini na mmoja! Niliyaona meno yao...

Alipomaliza alikuja mezani kurudisha maiki. Nilikuwa nimeizima kutoka kwenye mashine, na alijua imezimwa. Akachungulia chini ya kofia.

"Profesa? Kumbe siku hizi unabeba nyaya!"

"Felix, nijibu moja tu. Kwa nini mimi?"

Nikasukuma kitufe juu.

Alitabasamu, maiki bado kiganjani. "Omera, usichukulie vibaya. Lazima mmoja angeondoka. Sisi tuna baba zetu, wangetuua. Wewe nani angekuja kukulilia, mama wa omena? Nilipita kwa kila mmoja, nikawaambia waandike..."

Hapo akasikia sauti yake ikirudi kutoka ukutani.

Baba yake Felix aliinuka, akaiweka kalamu ya mwanawe juu ya kiti, akatoka. Wazazi wengine walipoinua kalamu, Felix alisimama mikono mitupu, machozi yakimshuka. Nilifurahi. Siwadanganyi, nilifurahi sana.

Mzee Rashid alinifuta kazi pale pale langoni. "Vyombo vyangu si vya kulipizia kisasi, kijana." Sikujali. Mashine ilikuwa imerekodi kila neno, na flashi ilikuwa mfukoni.

Siku hiyo hiyo nilivuka barabara ya Kondele.

Mama aliniangalia kana kwamba nilitoka jana. Nilichomeka flashi kwenye redio ya jirani yake, nikamwambia asikilize. Alisikiliza hadi mwisho huku akichambua omena. Nilingoja alie. Nilingoja aombe msamaha!

"Nilijua," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mwalimu wenu wa darasa alikuja Obunga wiki ya pili. Alisema karatasi arobaini na moja zinazosema neno moja si ushahidi, huo ni mpango. Alitaka urudi. Nafasi yako ilishikiliwa muhula mzima. Nilikutafuta Dunga, nikakutafuta Usenge, kila niliyemuuliza anasema uko hai na umekataza." Akaniinulia macho. "Ulikuwa wapi, nyathina? Mwanangu, ulikuwa wapi?"

Nilikuwa Mbita, ng'ambo tu ya maji, napaka mashua rangi na kulaani darasa.

Sanduku langu la shule bado liko chini ya kitanda chake. Nililifungua. Suruali ya sare sasa inanifika katikati ya miguu.

Felix, kama unasoma hapa, sijakusamehe. Wewe na wale arobaini mlinitoa darasani kwa wiki mbili. Lakini miaka iliyobaki nilijinyima mwenyewe.

Vijana wenzangu, nawasihi! Ukisingiziwa, lia, piga kelele, kataa hata kula. Ila usiondoke. Kaa mahali ambapo mtu akija na habari njema atakukuta.