Nyota Zenye Mikia

Saa ya chakula cha mchana, ngazi za jengo lile la maduka hazijui mkubwa wala mdogo. Anayepanda anamsukuma anayeshuka, anayeshuka anamkanyaga anayepanda, na wote wanaombana radhi bila kusimama. Hapo ndipo fundi wa kamera, akipanda na kikombe cha chai, blauzi yake ya manjano imenyooka kwa pasi na bisibisi ndogo imechomekwa nyweleni kama kibanio, alipogongana na kijana mrefu mwenye shati jeupe. Chai yote ikahamia kwenye shati.

Kijana hakujifuta. Alilikumbatia begi lake kama mzazi mwenye mtoto mchanga.

"Mungu wangu, nisamehe kaka! Umeungua?"

"Shati litafuliwa, dada. Nimehofia hili begi."

"Kwani umebeba mayai?"

"Mashine ya kufuatia nyota. Namtafuta fundi wa kamera wa ghorofa ya juu. Wanasema kazi anaijua, ila ulimi wake ni wembe."

"Wembe tu? Siku hizi anamwagia watu chai pia. Nifuate."

Kijana hakuelewa mpaka alipomwona akitoa ufunguo na kufungua mlango. Akacheka, tena kicheko cha kuambukiza, hata fundi aliyekuwa amejiandaa kuona haya akajikuta naye anacheka.

Chumba kilikuwa chembamba, kina dirisha moja, na meza imetandikwa kitambaa cheupe ili skrubu ikianguka ionekane. Kijana alitoa kidude cheusi cha kutosha kiganjani. Kazi yake ni kukaa juu ya stendi ya miguu mitatu, kubeba kamera na kuizungusha taratibu, sambamba na mwendo wa anga, ili kamera ikiikodolea macho nyota kwa dakika nzima, nyota ile ibaki nukta.

"Zangu zinatoka na mikia," alisema, akimwonyesha picha. Kweli, kila nyota ilikuwa imevutika kama unyuzi.

"Na unazipigia nini?"

"Naitafuta Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo ndogo. Nataka nichapishe picha kubwa kama mlango, nimpe mtu."

"Mtu gani huyo mwenye bahati?"

"Mtu muhimu sana," alijibu, akatabasamu.

Yeye alikuwa dereva wa kreni kwenye ujenzi ulio ng'ambo ya barabara. Kutwa yuko juu peke yake, akishusha nondo polepole kama anayelaza mtoto. Fundi alimbandika jina pale pale: Bwana Nyota.

Aliifungua mashine. Meno ya gia yalikuwa mazima, mota inazunguka bila kukwama, grisi bado laini. Akakaza alipokaza, akairudisha. Kesho yake simu ikalia.

"Fundi, mikia bado ipo."

"Labda nyota zenyewe ndizo zina wasiwasi."

"Labda zinakutafuta wewe."

"Haya, maneno hayo kaziambie nondo zako. Betri ni mpya?"

"Mpya, mpenzi."

"Nani mpenzi?"

"Betri. Nimesema betri ni mpya, mpenzi wangu betri."

Basi simu zikawa simu. Asubuhi waliongea habari za stendi kuyumba, mchana Bwana Nyota akiwa juu ya kreni anakula waliongea kamera kuwa nzito upande mmoja, na jioni waliongea mambo yasiyohusu mashine hata kidogo. Fundi alianza kuimba akifuta lenzi. Mwenye duka la jirani alimuuliza kama amepandishwa cheo.

"Anipandishe nani, na duka ni langu?" alijibu, akaendelea kuimba.

Mwishowe akasema, "Ugonjwa haupimwi kwa simu. Leo nakuja nione kwa macho."

Akaenda jioni, giza lilipoanza kuingia, kwenye paa la jengo alilokaa Bwana Nyota. Alivaa gauni la bluu ambalo halikuwa la kazi, na alilijua hilo. Naye alikuwa amefagia paa lote, ameweka viti viwili.

"Mafundi siku hizi wanapendeza hivi?"

"Shika tochi, acha kunitazama mimi."

Wakajaribu kitu kimoja kimoja. Miguu ya stendi ikasimama sawa. Kamera ikasogezwa mpaka uzito ukalingana. Kila kibano kikakazwa. Picha ikatoka, na mikia ileile.

"Basi mashine haiumwi," fundi alisema. "Inaangalia pasipo. Lazima ielekezwe kusini kabisa, anga linapozungukia. Ulipatafutaje kusini?"

"Kwa dira ya simu. Hii hapa, niletee jibu nami nikuletee maji."

Akashuka. Fundi akaishika simu, akafunua kava lake la kukunja, lile linalojifunga kwa sumaku. Sindano ya dira ikaruka upande. Akalivua, ikarudi. Akalivika, ikaruka tena. Kumbe sumaku ya kava ndiyo ilikuwa inamdanganya mwenzake siku zote! Alikuwa amefumbua mdomo ampigie kelele za furaha, ujumbe ukaingia kwenye kioo. Jina la aliyeutuma lilikuwa Mke Mkubwa.

"Mume wangu, njoo ule, chakula kinapoa."

Paa likawa kama limeshuka ghorofa moja. Bwana Nyota aliporudi na bilauri mbili, alimkuta amekwisha kubeba mkoba.

"Vipi, umepata?"

"Nimepata yote. Rudi kwa wenyewe, chakula kinapoa."

"Wenyewe gani? Fundi! Subiri basi!"

Hakusubiri. Alishuka ngazi akilia na kujitukana, maana kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa ameanza kumsimulia dada yake habari za kijana huyo.

Simu ikalia siku zilizofuata, na fundi akaiacha ilie. Kuimba kukakoma. Na dirishani, kreni ilipogeuka, aliteremsha pazia.

Siku moja mchana mlango ukabishwa kwa fimbo. Akaingia ajuza mwembamba, gauni la maua, miwani minene, anahema kwa ngazi.

"Fundi ni wewe?"

"Shikamoo bibi. Karibu kiti."

"Marahaba. Nimekuja kumwona huyu anayemkosesha mume wangu usingizi."

Fundi akaiweka bisibisi mezani.

"Mume wako?"

"Mume wangu, ndiyo! Nimemlea tangu anatambaa, nimeozwa naye siku aliyozaliwa. Kwani wewe bibi yako alimwitaje kaka yako?"

"Alimwita... mume wangu," fundi alisema polepole, na masikio yakamwaka moto. "Na mimi akaniita mke mwenzake."

"Enhee! Kumbe umelelewa. Sasa mbona unataka kunifilisi ndoa? Hali, hanywi, anaiuza ile mashine yake. Aliniahidi Kilimia. Macho yangu haya hayazioni tena nyota ndogo, akasema atanibandikia ukutani kubwa kubwa."

Fundi alicheka, akalia, akacheka tena. Akamshika bibi mikono miwili.

"Nisamehe, mke mwenzangu."

"Usiniombe mimi msamaha, mimi nina moyo wa kuvumilia wake wenza. Piga simu."

Akapiga. Ng'ambo ya barabara, kreni ilikuwa imesimama, ni saa ya mapumziko.

"Usiiuze," alisema kabla hata ya salamu. "Vua kava."

"Nivue nini?"

"Kava la simu, we mwanaume! Lina sumaku, linaipotosha dira. Nilijua tangu siku ile, nikakunyima kwa hasira. Mke Mkubwa wako yuko hapa dukani, ananicheka."

 Kisha kile kicheko.

"Naja. Usimwage chai, naja mbio."

Jioni ile dira ikiwa uchi, nyota zilitoka nukta tupu. Baadaye wakawa wanatoka nje ya mji, kwenye uwanda usio na taa, na Kilimia ikapatikana, ikachapishwa, ikatundikwa mbele ya kiti cha bibi. Alisogeza miwani mpaka karibu kugusa karatasi. "Ndio hawa hawa," alisema. "Wamenona!"

Miezi ikapita, wakazoeana mpaka kufikia kugombana kuhusu nani kasahau betri. Magharibi moja uwandani, kamera imeanza kazi, Bwana Nyota akanong'ona, "Usisogee hata kidogo, ardhi ikitikisika picha imeharibika. Nina neno, nataka ulisikie bila kunikimbia."

"Sema."

"Nioe... yaani nikuoe. Nimekosea. Unaolewa nami?"

Fundi alitaka kuruka. Miguu ikamwasha, mkono ukaenda mdomoni. Kamera bado inatazama juu, haina haraka na mtu.

"Unanifanyia makusudi," alinong'ona.

"Jibu?"

"Ngoja ifunge."

Kamera ikafunga. Akamrukia shingoni, wakaponea chupuchupu kuanguka wote.

"Ndiyo! Ndiyo, mpenzi wangu, na bibi yako tunakaa naye!"

Bwana Nyota akatoa pete mfukoni. Lakini yule anayeshusha nondo kutwa bila kugusa ukuta, leo mikono ilimtetemeka kama majani.

"Lete," fundi alisema, "utaiangusha kwenye nyasi, tuitafute mpaka jua litoke."

Akaivaa mwenyewe, kisha akamshika mikono yote miwili mpaka ikatulia.